Betri Iliyochoka: Somo la Umeme kwa Darasa la Tano

Walimu wengi wanaoanza kazi huipokea mada ya umeme kwa moyo mzito. Si kwamba mada yenyewe ni ngumu kuliko nyingine; muhtasari umeieleza, na vitabu vimezichora saketi kwa mistari iliyonyooka. Tatizo ni kwamba mwalimu huingia darasani na chaki peke yake, akachora betri, swichi na taa, wanafunzi wakanakili, na kengele ikalia. Wiki ya pili mwanafunzi anaijua alama ya betri lakini hawezi kueleza kwa nini tochi ya babu yake inafifia. Sisi tunaowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha tumelikuta somo hili la mchoro mtupu katika skuli za mjini na za shamba, na hatukubali kuwa sababu yake ni uhaba wa vifaa tu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi tulivyoitumia kazi moja ya nyumbani, nayo ni kubadilisha betri ya akiba ya kompyuta, kuwa somo la vipindi viwili. Tutaeleza pia kwa nini tunaamini kuwa betri iliyochoka ni zana ya kufundishia iliyo bora kuliko betri nzima. Betri nzima huwasha taa, na mwanafunzi akiona taa imewaka hana la kuuliza.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, katika mtaa wa Kiponda, na ndani yake mna kompyuta moja ya mezani ambayo si mpya wala si ya fahari. Humo tumehifadhi mitihani ya majaribio, maandalio ya masomo ya miaka mingi, na alama za wanachuo ambazo zikipotea leo hakuna atakayeweza kuzikusanya tena kesho. Kati ya kompyuta na ukuta kimekaa kisanduku cheusi chenye uzito wa kumshangaza mtu akiinuaye mara ya kwanza. Mafundi wa Darajani hukiita kwa herufi zake tatu, UPS. Umeme ukiwapo, kisanduku hiki huupitisha kwenda kwenye kompyuta na papo hapo huichaji betri iliyomo ndani yake. Umeme ukikatika, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, huzigeuza volti 12 za betri kuwa volti 230 kama zile za ukutani, kisha hulia ili mwenye kazi ajue kuwa muda wake umeanza kuhesabiwa.

Msomaji wa Unguja aliye mtu mzima hahitaji kuelezwa faida ya kisanduku hicho, lakini mwanachuo kijana huenda hakumbuki. Tangu 1980 umeme mwingi wa kisiwa hiki umekuwa ukija kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa karibu wiki 4. Watu walidhani wameona yote. Kumbe mwezi wa Desemba 2009 waya ukaharibika tena, na safari hii giza likadumu hadi Machi 2010, yaani karibu miezi 3. Pampu za maji zilisimama, ndoo zikarudi vichwani, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe jenereta zilinguruma usiku kucha hata mtu akakosa pa kukimbilia moshi. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na hali ikawa bora sana. Lakini kukatika kwa dakika chache au kwa saa mbili tatu hakujatuacha.

Tunayataja haya kwa sababu katika giza lile la miezi 3 wengi walikwenda madukani kununua UPS, wakidhani wamenunua umeme. Baada ya robo saa ya kwanza kisanduku kilinyamaza, nao wakasema wameibiwa. Hawakuibiwa. Kisanduku hicho kimetengenezwa kumpa mtu nafasi ya kuhifadhi kazi yake na kuizima kompyuta kwa utaratibu, si kumwezesha kuchapa mtihani mzima. Anayetaka umeme wa usiku kucha hapana budi atafute chombo cha namna nyingine, kama vile paneli za jua na betri zake kubwa. Mwalimu asipoitenga mapema maana ya akiba ya dakika na akiba ya siku, wanafunzi watazichanganya, na wazazi wao pia.

Tuje kwenye betri yenyewe. Ya kwetu, kama zilivyo nyingi za visanduku vidogo, ni ya risasi na asidi, iliyofungwa isimwagike, yenye urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 2. Ni jamaa wa betri ya gari, na babu yao wote ni betri aliyoibuni Gaston Planté huko Ufaransa mwaka 1859. Ndani mna seli 6, kila moja ya volti 2. Katika kila seli mna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, na kati yake asidi ya salfuriki. Betri inapotoa umeme, mabamba ya aina zote mbili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi na asidi hukaribia kuwa maji. Inapochajiwa, mambo hurudi yalivyokuwa. Kwa darasa la tano hayo yanatosha, na hata hayo ni mengi.

Ubavuni pameandikwa volti 12, ampea-saa 7. Hapa ndipo penye hesabu nzuri ambayo vitabu vingi huipita. Mwanafunzi akizidisha 12 kwa 7 atapata wati-saa 84. Kompyuta yetu pamoja na kioo chake hutumia kama wati 100. Basi, kwa hesabu ya ubaoni, betri itaihimili kwa dakika 50. Tulipoipima ikiwa mpya tulipata 22. Zimekwenda wapi nyingine? Baadhi zimegeuka joto ndani ya kisanduku. Lakini sababu kubwa ni kwamba zile ampea-saa 7 zimeandikwa kwa mtu asiye na haraka, atakayeutumia umeme kidogo kidogo kwa saa 20, yaani theluthi moja tu ya ampea. Kompyuta inataka zaidi ya ampea 8 kwa mkupuo, na anayedai kwa mkupuo hupewa pungufu. Mjerumani Wilhelm Peukert aliiwekea tabia hiyo kanuni yake mwaka 1897.

Wanafunzi wa Unguja hawana haja ya Peukert ili waifahamu. Wanajua kisima. Ukiteka ndoo moja asubuhi na moja jioni, kisima hakikauki. Wakija watu kumi na ndoo zao kwa wakati mmoja, kamba inafika kwenye mchanga ilhali maji bado yamo ardhini, hayajawahi kujipenyeza. Waache watu waende zao, urudi baada ya saa moja, utakuta maji. Betri nayo ikipumzishwa hurudisha nguvu kidogo kwa sababu hiyo hiyo: asidi iliyo mbali hupata muda wa kuyafikia mabamba. Mfano huu tumeupenda kwa kuwa hauishii kwenye kufanana tu; unamwezesha mtoto kutabiri jambo kisha akalijaribu.

Dakika zetu 22 hazikudumu. Mwaka ulipotimu zilikuwa 17, na kabla ya kutimia mwaka wa tatu zilikuwa 2, tena za kusuasua. Watengenezaji wa betri za namna hii huzihesabia maisha ya miaka 3 hadi 5, lakini hesabu hiyo ni ya chumba chenye nyuzijoto 20 au 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya betri hupungua nusu. Chumba cha ghorofa ya juu katika Mji Mkongwe mwezi wa Februari, dirisha limefungwa kwa vumbi, na kisanduku chenyewe kina joto lake ndani: mwanachuo na akadirie mwenyewe. Betri ya UPS aghalabu haifi kwa kazi. Hufa kwa kungoja katika joto, ikichajiwa mchana na usiku, maji yake yakipungua na risasi yake ikiliwa taratibu.

Kununua betri mpya ni sehemu ya somo, ijapokuwa haifanyiki darasani. Tulikwenda Darajani na mita ya kupimia umeme mkononi. Mwenye duka alitupa betri iliyofungwa vizuri katika boksi.

“Mpya hii, mwalimu. Hata kufunguliwa bado.”

“Tunaiona, bwana. Turuhusu tuipime tu.”

Mita ilisoma 11.9. Mwenye duka aliitazama mita, akatutazama sisi, akacheka, akaingia ndani ya duka na kutoka na nyingine. Hiyo ilisoma 12.8. Hatusemi kuwa alikusudia kutudhulumu. Betri ya risasi hujimaliza yenyewe rafuni, na katika joto hujimaliza haraka zaidi. Ikilala miezi mingi bila ya kuchajiwa, ile salfeti tuliyoitaja huganda ikawa kama chokaa kwenye birika, na kuiondoa ni kazi isiyo na matumaini. Kwa hiyo betri isiyotumika yenye volti chini ya 12.4 tunawashauri wanachuo wairudishe kwa adabu. Watazame pia ndimi za chuma zilizo juu yake, maana ziko za upana wa namna mbili, karibu milimita 5 na zaidi kidogo ya milimita 6, na waya za kisanduku hukubali moja tu bila ya kulegea.

Kuibadilisha hakuhitaji fundi kwa visanduku vyenye mlango wa betri chini yake, lakini kunahitaji utulivu. Tulizima kompyuta, tukakizima kisanduku, tukachomoa plagi ukutani, na tukachomoa kila kilichounganishwa nacho. Tulikilaza ubavu juu ya kitambaa, tukaufungua mlango kwa bisibisi. Kabla ya kugusa waya tulichora katika daftari upande upi ulikuwa na waya mwekundu na upi mweusi, kwa sababu makosa ya kugeuza chanya na hasi hayasameheki. Tulichomoa mweusi kwanza, kisha mwekundu, tukaitoa ya zamani, tukaiweka mpya, tukaunganisha mwekundu kwanza na mweusi mwisho. Cheche ndogo ilionekana waya wa mwisho ulipogusa. Hiyo ni kawaida. Tulikiacha kichaji usiku mzima. Asubuhi, badala ya kukijaribu kwa kompyuta, tulikijaribu kwa taa ya mezani ya wati 60, tukazima swichi ya soketi bila ya kuchomoa plagi ili waya wa ardhini ubakie mahali pake.

Kisanduku ambacho hakina mlango wa betri, mwalimu asikifungue, na chochote kiwacho asikifungue mbele ya watoto. Sehemu za ndani huweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Betri yenyewe ikiwa nje haina volti za kumdhuru mtu kwa kumrusha, lakini ncha zake zikigusana kwa pete au kwa msumari hutoa mkondo mkubwa wa kuunguza kidole hadi mfupa. Zifunike kwa utepe wa plastiki mpaka dakika ya kuzitumia.

Jioni hiyo betri ya zamani ilikuwa kando yetu barazani, na mzee jirani yetu, ambaye aliwahi kutengeneza magari kwa miaka mingi, aliigeuza geuza.

“Mwalimu, kibetri gani hiki? Si bora utie ya gari, utoe waya nje, ulale usingizi?”

“Tumeifikiria, mzee. Tatizo ni kuijaza.”

Tulimweleza, naye alisikiliza kwa makini kuliko wanachuo wengi. Chaja iliyo ndani ya kisanduku kidogo hutoa ampea moja au chini yake. Betri ya gari ya ampea-saa 70 ikimalizika, chaja hiyo itahangaika nayo zaidi ya siku 3, na umeme ukikatika tena kesho itakuta haijajaa. Transfoma ya ndani nayo imetengenezwa kufanya kazi dakika chache na kupoa. Ikilazimishwa kwa saa 3 mfululizo, inaungua. Tena betri ya gari ya kawaida imekusudiwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini, haipendi kumalizwa, na ile ya wazi hutoa haidrojeni wakati wa kuchajiwa, hewa isiyofaa katika chumba cha kulala.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililotufurahisha: “Hakuna ya kimo hiki hiki yenye nguvu zaidi?” Ipo. Ipo ya ampea-saa 9 inayoingia katika nafasi ile ile, na inaongeza dakika kadhaa kwa nyongeza ya bei isiyo kubwa. Hiyo tunaikubali, na ndiyo tuliyoitia. Zipo pia betri za lithiamu zenye umbo hilo hilo. Hizo zina masharti yake ya kuchajiwa, na hatumshauri mtu azitie katika kisanduku kilichoundwa kwa risasi isipokuwa mtengenezaji wa kisanduku ameruhusu. Lakini njia rahisi kuliko zote ni kupunguza mzigo. Kompyuta ya mapajani hutumia nusu ya wati za ile ya mezani au pungufu ya hapo, na kwa ile tabia ya kisima, ukipunguza mzigo kwa nusu, dakika huongezeka zaidi ya mara mbili. Anayetaka kuboresha akiba yake aanze kwa kuchomoa spika na printa.

Sasa tufike darasani. Skuli ilikuwa ya shamba, katika Wilaya ya Kati, darasa la tano lenye wanafunzi 58, na anayefundisha alikuwa mwanachuo wetu wa kike. Tulimpa betri mbili za umbo moja, mpya na ile iliyochoka, ambayo tulikuwa tumeichaji usiku kucha. Tulizifunga zote mbili kwa karatasi ya kaki zisitambulikane, moja ikaitwa A na nyingine B. Alikuwa pia na mita, waya nne zenye vibanio, na taa mbili za gari za volti 12 na wati 21, zile za kuashiria kona, ambazo hupatikana kwa bei ndogo kwa wauza vipuri. Hakukuwa na umeme katika chumba kile, na haukuhitajika.

Kwanza walizipima bila ya taa. A ilisoma 12.8, B ikasoma 12.6. Mwanachuo aliandika ubaoni, akauliza ipi ni nzima. Darasa lote likajibu zote mbili. Aliwataka waandike katika madaftari yao, kila mmoja kwa mkono wake, taa ya A itawaka dakika ngapi na ya B dakika ngapi. Jambo hili la kuandika kabla ya kuona twalisisitiza kwa wanachuo kila mwaka, maana mtoto aliyeandika utabiri ana deni na jibu. Asiyeandika ni mtazamaji.

Taa ziliwashwa pamoja. Kwa dakika moja zilifanana, na nyuma ya darasa minong'ono ikaanza. Kisha B ikawa ya manjano, ikawa nyekundu kama kaa la mkaa, na kabla ya dakika ya saba ilikuwa uzi tu unaoonekana ukikisogelea kioo. Mita iliyowekwa juu yake ilikuwa imeshuka chini ya 8. Ya A ilikuwa bado inasoma zaidi ya 12, na hatukuwa na nia ya kuingoja, kwani betri nzima ya namna hiyo huweza kuiwasha taa kama ile kwa saa 3 au zaidi.

Msichana mmoja wa safu ya mbele alisimama bila ya kuitwa. “Mwalimu, mita imesema uongo.”

Mwanachuo alifungua mdomo ili aeleze. Tulimwashiria kwa mkono angoje. Ni vigumu kungoja. Mwalimu kijana huona ukimya wa darasa kuwa aibu yake. Alingoja. Baada ya muda kijana mmoja, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alisema kwamba mita haikusema uongo, ilijibu ilichoulizwa. Akatoa mfano wa tangi la maji nyumbani kwao: limejaa matope, na mtu akichungulia juu huona maji yamefika ukingoni, lakini akifungua mfereji yanatoka kidogo na kukatika. Tangi zima na tangi la matope, ukizipima kwa kimo cha maji, ni sawasawa.

Tulipoandika vitabuni mwetu maelezo ya somo hilo hatukupata mfano ulio bora kuliko huo. Volti bila ya mzigo ni kimo cha maji tu. Kiasi cha maji yaliyopo na wepesi wake wa kutoka havijulikani mpaka mfereji ufunguliwe na saa itazamwe. Mwanachuo alifanya vyema kuuliza mfano huo unakosea wapi, na wenzake wa kijana yule walipata: matope hayakutoka nje, ni kitu kile kile cha ndani kilichogeuka.

Kipindi cha pili tulikitenga kwa jambo ambalo hatutaki mwalimu yeyote alipite. Mvulana wa kijiji cha wavuvi aliuliza kama betri B haifai tena anaweza kupewa, kwa kuwa ndani mna risasi na kaka yake anahitaji chubwi za mishipi. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni hapana bila ya masharti. Risasi haina harufu wala haiumi mkononi, lakini vumbi na moshi wake humwingia mtoto mwilini na kuudhuru ubongo wake, na dhara hilo halina dawa ya kulirudisha nyuma. Huko Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, watoto 18 walifariki kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 baada ya watu kuchekecha udongo wa betri kuukuu ili wapate risasi ya kuuza. Karibu nasi zaidi, mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi kwa miaka kadhaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Wakaazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu ambayo baada ya rufaa ilirudishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Tulimwambia mvulana yule majina ya mahali hapo na idadi hizo, tukamwomba ampelekee kaka yake. Hatukumtisha kwa maneno ya jumla.

Betri nzee isipasuliwe, isichomwe, isitupwe jaani wala pwani. Muuzaji wa betri aghalabu huipokea, na wengine hupunguza bei ya mpya kwa sababu hiyo. Ya kwetu, B, hatujaitoa bado. Imefungwa utepe kwenye ncha zake, imo katika sanduku la mbao ndani ya kabati ya chumba cha walimu yenye kufuli, na imekwisha kutumika katika skuli nyingine mbili. Ikianza kuvimba au kutoa unyevu itarudi Darajani siku hiyo hiyo.

Ile mpya tuliiandikia tarehe ya kutiwa kwa kalamu ya wino mzito. Kila tarehe mosi tunazima swichi ya soketi, taa ya wati 60 ikiwaka na saa ikiwa mezani, na kisanduku kinapolia mfululizo tunaiwasha swichi kabla hakijazimika. Wanafunzi wa darasa lile waliomba waletewe hesabu hizo, nao wamechora jedwali ukutani, wameweka miezi kwa kulala na dakika kwa kusimama. Mwezi wa kwanza ulikuwa dakika 46. Wa pili 46. Wa tatu 47, jambo lililozua ubishi wa kipindi kizima juu ya nani aliyekosea kusoma saa. Wa nne, ambao ulikuwa Februari, ulikuwa 44, na mtoto mmoja alichora jua dogo kando ya nukta hiyo.